Tenisi miezi kumi na miwili? Hapana, mama

SWALI: Shikamoo daktari. Tunaishi Drammen, Norwei. Binti yangu ana miaka 11 na anapenda sana tenisi. Majira ya baridi huenda kwenye skii, kuteleza thelujini kwa mbao ndefu, na wenzake wa shule. Kocha wa kulipwa tuliyempata anasema skii itamharibu magoti na kumwibia muda, kwa hiyo aache, ashike mpango wake wa tenisi siku 6 kwa wiki, mwaka mzima. Baba yake anataka tulipe. Mimi nimesoma habari za Laila Schou Nilsen, Mnorwei wa zamani aliyecheza yote mawili, nikabaki njia panda. Yake yanatuhusu sisi wa leo? Halafu kiwiko kimeanza kumuuma.

JIBU: Marahaba, mama. Swali hili hunijia mara kwa mara, hubadilika jina la mtoto na aina ya mchezo tu. Kiwiko nitakirudia.

Laila, aliyezaliwa 1919, alikuwa kwanza mtelezaji wa mbio za barafu, zile za viatu vyenye chuma. Aliingia Olimpiki kwa mlango wa skii kwa sababu mbio za barafu za wanawake hazikuwa na medali hadi 1960. Mwaka 1936 kule Garmisch-Partenkirchen, akiwa na miaka 16, aliwashinda wote kwenye mteremko wa kasi. Lakini wanawake walikuwa na medali ya jumla tu, mteremko pamoja na slalom, ile ya kupindapinda kati ya vijiti. Christl Cranz wa Ujerumani alianguka mteremkoni akamaliza wa sita, kisha kwenye slalom akalipa deni lote na kuchukua dhahabu. Laila akapata shaba. Mwaka 1937 na 1938 alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za barafu. Ongeza mataji ya tenisi ya Norwei, mpira wa mikono, na baadaye mashindano ya magari. Vita vilipokwisha alirudi kwenye skii ya Olimpiki, St. Moritz 1948.

Hata hivyo, mtu mmoja mwenye kipaji cha ajabu si ushahidi wa kitabibu, na washindani wa enzi zake walikuwa wachache. Ninachokipenda kwake ni mpangilio: barafu ikiyeyuka, raketi inatoka kabatini. Mwili haukurudia pigo lilelile Januari hadi Desemba. Na kocha wako akisema hayo ni ya kale, muulize kuhusu Jannik Sinner, nyota wa tenisi duniani. Alikuwa bingwa wa watoto wa skii nchini Italia, na tenisi aliiweka mbele ya yote alipokuwa na miaka 13 hivi.

Sasa magoti. Skii gani? Ile ya masafa, ya kwenye njia tambarare za msituni, ni miongoni mwa michezo yenye huruma zaidi kwa magoti. Ya milimani ndiyo inayokata ligamenti, ule ukanda unaoshika mifupa, ndani ya goti, na hapo ugomvi wangu ni na vifungo vinavyoshika viatu kwenye mbao za skii. Vinapaswa kuachia mtoto anapoanguka, na hupangwa kwa uzito, urefu, ukubwa wa kiatu na uwezo wake. Mtoto aliyekua sentimita 6 tangu baridi iliyopita anateleza na vipimo vya mtoto mwingine. Peleka dukani vipimwe kila msimu. Hilo kocha hakukuambia, maana halimwingizii kitu.

Kinachonikera ni imani kwamba anayeanza mchezo mmoja mapema ndiye atakayefika mbali. Ninaowaona kliniki ni hao hao: miaka 12, mchezo mmoja, mifupa ya uti wa mgongo imepata ufa kwa maelfu ya sevu, yale mapigo ya kuanzisha mpira. Mtoto bado ana gegedu la ukuaji, ile sehemu laini karibu na ncha za mifupa, na misuli inayovuta hapo kila siku huichosha kuliko kano zenyewe. Kipimo chetu ni rahisi: saa za michezo ya kupangwa kwa wiki zisizidi umri wake, na kila mwaka apumzike mchezo wake mkuu miezi miwili au mitatu. Siku 6, tuseme za saa 2, ni saa 12. Binti ana miaka 11.

Kuna wanaovuka hapo wakaingia uganga kabisa. Nimepokea watoto waliopewa vidonge vya maumivu kabla ya mazoezi ili "wazoee", na mmoja aliyechuliwa kiwiko kwa nguvu hadi kikavimba. Maumivu ni taarifa, ukiyazima umezima king'ora nyumba ikiungua. Anayekuahidi bingwa kwa ada ya mwezi, mwombe aiandike ahadi hiyo kwenye risiti.

Kiwiko basi: asipige mpira wiki mbili. Skii ya masafa aende bila fimbo, kama haimuumi. Mfupa wa upande wa ndani ukiuma ukiubonyeza, au mkono ukikataa kunyooka, aonwe wiki hii hii. Na muulize kama mgongo wa chini unamuuma akijipinda nyuma. Akisema ndiyo, usingoje kiwiko.