Mwisho Unaujua, Unasoma Nini?

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu ananicheka kwa hizi riwaya za mapenzi ya kale ya Uingereza. Ati mwisho naujua tangu mwanzo, nasoma nini? Mama wa Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Mwulize, Ngamiani watu huenda harusini kuona kama bibi harusi ataolewa? Hilo kila mtu analijua. Tunafuata vigelegele, pilau, na kutazama nani kanuna. Riwaya hizi ni hivyo hivyo, utamu umo kwenye majibizano. Bwana ana jeuri, binti ana ulimi, wanachokozana mpaka mtaa mzima unajua wanapendana isipokuwa wao. Juzi nimeunguza maharage ya nazi kwa sababu bwana mmoja alikuwa akimvua binti glavu, kifungo kimoja kimoja. Glavu tu! Kurasa mbili.

*Mbona wapenzi kila mara hutorokea Uskoti?*

Kisa ni sheria ya ndoa ya 1753. Ilianza kutumika 1754, na England aliye chini ya miaka 21 akawa hafungi ndoa bila ridhaa ya mzazi. Uskoti haikuhusika. Ukivuka tu mpaka unafika kijiji cha Gretna Green, na pale ilitosha kutamka mbele ya mashahidi wawili kwamba mmeoana. Ndoa zilifungwa hata kwenye karakana ya mhunzi, penye fuawe. Kutoka London ni mbali kuliko Tanga na Dar, tena kwa gari la farasi, baba yuko nyuma anafoka. Mwandishi atake nini tena?

*Kweli enzi hizo mabwana wakubwa wote walikuwa vijana, wazuri na matajiri?*

Thubutu! Zama zinazopendwa zaidi ni 1811 hadi 1820, mfalme George wa Tatu alipougua na mwanawe akashika madaraka. Wenye cheo cha Duke, yaani cha juu kabisa miongoni mwa mabwana wakubwa, hawakufika 40 nchi nzima. Kwenye riwaya utawapata wengi hivyo kwenye rafu moja ya vitabu, wote mabega mapana. Na baadhi ya utajiri huo ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibiani, yaliyolimwa na watumwa. Sisi wa pwani tusilifumbie macho. Mwandishi anayeligusa bila kuharibu kicheko, huyo namheshimu.

*Mimi mwanaume, naona haya kusoma kitabu cha namna hii kwenye daladala.*

Kifunike kwa gazeti la michezo. Ukishikwa na kicheko, sema Coastal wamefunga.