Sukari ya mtoto imetulia, tuache sindano?

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 alianza insulini miezi miwili iliyopita. Sasa dozi imepunguzwa na sukari inasoma vizuri. Majirani wanasema amepona. Niache sindano?
Mama, Sikonge, Tabora

JIBU: Usiache, mama, hata siku moja. Katika kisukari aina ya 1, chembe za kinga ziitwazo seli T, ambazo kazi yake ni kuua chembe zilizoingiwa na virusi, huzigeukia seli beta za kongosho zinazotengeneza insulini. Si kosa lako, wala si sukari aliyokula. Sindano zikianza, seli beta chache zilizosalia hupumzika na kufanya kazi tena kwa wiki au miezi. Ndiyo nafuu unayoiona. Mashambulizi hayajakoma. Ukikatiza, damu hujaa asidi: mtoto hutapika, huhema kwa nguvu, na anaweza kufa ndani ya siku chache.

Dawa ya kutuliza seli T ipo, teplizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022. Huchelewesha ugonjwa kwa miaka miwili hivi, tena kabla ya dalili kuanza. Mwanao ameshavuka hapo.

Joto huharibu insulini. Kama huna friji, iweke kwenye chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowa katikati, kivulini. Chupa iliyofunguliwa itupwe baada ya wiki 4.

Asali ya Tabora iwe ya dharura: sukari ikishuka chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo, kijiko kikubwa kimoja, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akizimia, usimpe kitu mdomoni, mkimbize hospitali.