Nilipie zana ya kutengenezea programu, au ya bure inatosha?

SWALI: Shikamoo dada. Nauza vipuri vya pikipiki hapa Morogoro, na usiku nikishafunga duka najifunza kutengeneza programu za simu. Nataka kutengeneza daftari la madeni la kwenye Android, nitumie mimi na wenye maduka wenzangu. Kuna zana ya mtandaoni ambayo unaburuta vitufe na kuvipanga tu, ila inalipiwa kwa dola kila mwezi. Rafiki yangu anasema nitumie Android Studio au Flutter, zana za bure ambazo unaandika programu mwenyewe. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Nishike ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shika za bure, na sababu yangu kubwa si bei.

Programu yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa ya kuhesabu dawa, kwa mama mmoja mwenye duka la dawa Tandika. Niliitengeneza kwa zana ya kulipia kama hiyo yako, siku nne ikawa tayari. Mwaka wa pili wenye zana wakapandisha bei, nikashindwa. Programu iliendelea kufanya kazi kwenye simu yake. Tatizo lilikuja aliponiomba niongeze tarehe ya dawa kuisha muda: faili la kazi yangu halikufunguka popote ila kwao, na ufunguo wa kusaini programu, yaani faili la siri linaloonyesha programu imetoka kwa nani, ulikuwa kwao pia. Android haikubali toleo jipya juu ya la zamani kama halikusainiwa kwa ufunguo uleule. Nikaandika upya kwa Flutter, nikafuta ile ya zamani, na rekodi zake zote zikaenda nayo. Tulikaa jioni mbili tukihesabu pakiti moja moja kwenye rafu. Hadi leo naumia nikimkumbuka.

Kwa hiyo waulize hao wauzaji: msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, naweza kuupakua nikaufungua kwingine? Ufunguo ni wangu? Wakikubali yote mawili, kulipa si kosa, wapo wanaoruhusu.

Na cha bure nacho hufa. Xamarin, zana ya kutengenezea programu za simu, ilikuwa ya kulipia, Microsoft ikainunua mwaka 2016 na kuifanya bure, kisha tarehe 1 Mei 2024 ikaacha kuihudumia. Lakini walioitumia walikuwa na msimbo wao, wa lugha ya C#, kwenye kompyuta zao, wakaweza kuuhamisha.

Sasa hiyo GB 4. Android Studio inataka angalau GB 8, itakutesa. Andika Flutter ndani ya VS Code, programu nyepesi ya kuandikia msimbo, na achana na simu ya kuigiza ya kwenye kompyuta. Chukua simu yako, ingia Mipangilio, Kuhusu simu, gusa nambari ya muundo (Build number) mara 7, kisha kwenye chaguo za wasanidi washa utatuzi wa USB (USB debugging), uiunganishe kwa waya na uijaribie programu humo. Mara ya kwanza itapakua vitu vingi, tafuta bando la usiku. Hela ya kila mwezi uliyotaka kuwapa, inunulie RAM.

Kuweka programu Play Store ni dola 25, unalipa mara moja. Apple ni dola 99 kila mwaka na inataka Mac, iache kwanza.

Kabla hujampa mwenzako wa kwanza hiyo programu, nakili ufunguo wa kusaini kwenye flashi mbili: moja ikae dukani, nyingine nyumbani.