Kuacha sigara ghafla hakuui, ila iangalie kahawa yako

Mkuu, nimesoma ulichoandika. Unavuta tangu sekondari, Jumatatu umekata kwa mpigo, leo siku ya nne hulali, moyo unadunda, mikono inatetemeka, na jana umemfokea shemeji yetu kisa chumvi kwenye mchuzi. Juu ya hapo baba mkwe kakwambia mtu mzima akiacha sigara ghafla damu inashtuka, anaweza kufa au kurukwa na akili, bora urudie halafu upunguze moja moja.

Mimi ni fundi magari hapa hapa Moshi, gereji yetu iko Majengo. Nimevuta zaidi ya miaka kumi na nilikata kama wewe, bila dawa wala kupunguza. Nakujibu kwa niliyoyapitia. Ya kitaalamu nitakayotaja ni yale niliyokwenda kuyauliza na kuyasoma baada ya kunikuta.

Tuanze na mzee. Nadhani anachanganya sigara na pombe. Mtu anayekunywa gongo kila siku kuanzia asubuhi, akikata ghafla anaweza kuanguka kifafa, kuona vitu ambavyo havipo, na wengine wanakufa kweli. Huyo anatakiwa aachie chini ya uangalizi wa hospitali. Nikotini haina tabia hiyo. Inatesa, lakini haiui. Tena kuna utafiti wa Uingereza uliotoka 2016, watu karibu 700: kundi moja liliacha siku moja, jingine lilipunguza kwa wiki mbili kwanza. Baada ya wiki nne, kwenye kundi la waliokata ghafla watu 49 kati ya 100 walikuwa bado hawajavuta, kwa waliopunguza ni 39. Ila tusidanganyane, wale wote walikuwa wanapewa ushauri na dawa za nikotini. Ukiwa peke yako na bigijii ya kawaida mfukoni kazi ni ngumu zaidi, na wengi hurudia. Hiyo haimaanishi mzee yuko sahihi.

Mpe heshima yake, mwambie umesikia, endelea.

Sasa mwili. Nikotini haikai sana kwenye damu, kila baada ya saa mbili hivi nusu yake imeshaondoka. Ndiyo maana mvutaji hamalizi misa bila kutoka nje "kupokea simu". Arosto, yaani mateso ya mwili kukosa ulichouzoesha, inaanza siku ile ile, inapanda siku ya pili na ya tatu, wiki ya kwanza ndiyo mbaya, halafu inashuka taratibu mpaka wiki ya tatu au ya nne. Kwa hiyo wewe leo bado uko karibu na kilele. Wakati huo huo kuna mambo mazuri huyasikii: mapigo ya moyo yanaanza kushuka ndani ya dakika 20 tu, na ndani ya siku moja kaboni monoksaidi imeshatoka kwenye damu. Hiyo ni hewa ile ile ya ekzosi inayotufanya tusiwashe injini gereji ikiwa imefungwa milango. Nilipolijua hilo nilijiona mjinga kidogo. Dogo akiwasha gari ndani namfukuza, halafu natoka nje kuivuta kwa hela yangu.

Hili la kutolala na moyo kudunda ndilo hasa lililonifanya niandike. Hukutaja kahawa, lakini umesema jioni unashinda kijiweni Njoro, na vijiwe vya Moshi navijua. Muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe, birika liko juu ya jiko dogo la mkaa, kashata kwenye kopo la plastiki. Ukikaa kwenye drafti mpaka giza linaingia umeshapiga vikombe sita na hujui. Mvutaji anazizoea hizo kahawa nyingi kwa sababu moja: moshi wa sigara (moshi wenyewe, siyo nikotini) unalisukuma ini kuichakata kafeini haraka kuliko kawaida. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini linarudi kwenye mwendo wake, na vikombe vile vile vinakaa kwenye damu muda mrefu. Kafeini inaweza kufika hata mara mbili ya uliyozoea. Dalili zake ni moyo kwenda mbio, kutetemeka, wasiwasi usio na sababu, kukodoa macho mpaka jogoo anawika. Ukizitazama unasema arosto ya sigara imenishika, kumbe sehemu yake ni kahawa.

Mimi aliyenifumbua macho ni mfamasia. Nilikwenda kutaka dawa ya usingizi, akaniuliza, "Kahawa unakunywa?" Nilikasirika, nikaona ananipotezea muda. Akakataa kuniuzia dawa, akasema, "Punguza nusu, na ikifika saa nane mchana usiguse tena. Ukishindwa kulala rudi wiki ijayo." Sikuwa na haja ya kurudi. Ila usiikate kahawa yote siku moja, utapata kichwa cha kahawa juu ya kichwa cha sigara. Nusu inatosha. Chai ya rangi kali na vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa madereva wa usiku navyo vimo.

Ini hilo hilo linachakata na baadhi ya dawa kwa njia ile ile. Anayetumia aminofilini ya pumu, au dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini na klozapini, akiacha sigara dawa inaweza kumzidi mwilini bila kuongeza hata kidonge. Huyo asiogope kuacha, amwambie tu daktari wake mapema ili dozi iangaliwe. Wa kisukari naye apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo.

Akili ndiyo ilinisumbua kuliko mwili, na hapo watu hawasemi ukweli. Hasira nilizitarajia. Sikutarajia ubutu. Nashika spana nasahau nilikuwa naenda kufungua nini. Mteja ananieleza gari linavyolia, namwangalia mdomo unavyocheza, neno haliingii. Na siku inakuwa ndefu, kwa sababu siku ya mvutaji imekatwa vipande vipande na sigara, na vipande vile vikiondoka hujui saa nne uifanyie nini. Wiki ile ya kwanza dogo ninayemfundisha kazi alichoka kufokewa. Nikiwa chini ya gari nikasikia hatua zake, nilipotoka nikakuta juu ya boneti ameniwekea sigara moja na kiberiti, kainunua kwa Mangi kwa hela yake ya chai. "Bosi, vuta tu, tutakufa sisi kabla yako." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sigara tulimpa fundi rangi wa jirani.

Kilichonisaidia kichwani ni kuelewa kwamba ile raha ya "sigara inanituliza" ilikuwa arosto ndogo ya kila saa, sigara inaitoa, halafu inairudisha. Utulivu ule asiyevuta anao bure siku nzima. Kuna uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2014 kwenye jarida la madaktari wa Uingereza, ukaonyesha walioacha, baada ya wiki sita na kuendelea, wana wasiwasi na huzuni kidogo kuliko walivyokuwa wakivuta. Kwa hiyo hapo ulipo sasa si hapo utakapobaki. Kiu yenyewe ikija haidumu, ni dakika chache kama wimbi, tatizo yanakuja mengi. Mimi nilikuwa naipa kazi mikono na kutafuna muwa, maana mikono na mdomo vyote vinataka shughuli. Usishangae pia ukiota unavuta na kuamka umejichukia. Wengi tumeota hivyo.

Lakini kama huzuni inakuwa nzito, huna hamu ya kula wala watu, au yanakuja mawazo ya kujidhuru, hiyo si ya kuvumilia nyumbani. Nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, waeleze kwamba umeacha sigara lini.

Mengine nayapitia haraka. Choo kitagoma, kwa sababu nikotini ilikuwa inayachochea matumbo. Kula papai na parachichi, kunywa maji. Njaa itakuja, chakula kitaanza kuwa na ladha, na wastani wa watu huongezeka kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza. Mtori utakunenepesha, kubali. Utakohoa zaidi badala ya kupungua, kwa kuwa vinyweleo vya njia ya hewa vilivyokuwa vimelala vinaanza kufagia makohozi. Kukohoa huko kusikufanye uzembee: kikohozi kikifika wiki mbili, au ukitoka jasho usiku na kupungua uzito, kapime kifua kikuu. Wavutaji tuko kwenye hatari zaidi, kipimo ni bure, na mkoa wetu una hospitali ya Kibong'oto kule Siha kwa ajili hiyo.

Wadau waliokushauri uhamie kwenye ugoro au kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), wapuuze. Ni nikotini ile ile imebadilisha mlango, na kuberi inaweza kuleta saratani ya mdomo. Bigijii za nikotini ni kitu kingine, hizo ni dawa halali na ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kwenye maduka ya dawa niliyoulizia hapa mjini nilizikosa, nyie wa Arusha mliozipata mtuambie.

Kingine, Desemba inakuja. Ndugu watapanda kutoka Dar, mbege itamwagika, na kila shemeji atakuwa na pakti mezani. Pombe ndiyo inayowarudisha wengi, kuliko hata hasira. Mwaka wangu wa kwanza nilijipa kazi ya kuchoma nyama, nikashinda kwenye jiko mbali na meza. Walinidhihaki, lakini nyama walikula.

Kwa shemeji, mwambie waziwazi wiki hizi mbili tatu utakuwa mkali na siyo yeye. Halafu tuandikie hapa kwa siku unakunywa vikombe vingapi vya kahawa, na kama kuna dawa yoyote unameza, hasa ya pumu.