Jibu: Mtoto wa miaka miwili na nusu haitiki akiitwa, je, ni usonji?

Pole mama, najua hayo maneno ya ukweni yanavyochoma. Umesema bibi yake anailaumu chanjo ya surua. Hilo litoe moyoni: utafiti wa 1998 wa daktari Mwingereza Andrew Wakefield ulioeneza hofu hiyo ulifutwa mwaka 2010 na jarida lenyewe lililouchapisha, The Lancet. Wala mtoto hajarogwa. Usonji (autism) ni namna tofauti ubongo unavyokua, na urithi unachangia sana.

Mimi si daktari, ni mama wa kijana mwenye usonji. Wangu alikuwa anapanga vifuniko vya soda kando ya ukuta. Ukisogeza kimoja, analia mpaka anatapika. Akitaka maji hakuonyesha kwa kidole. Alinishika mkono akanivuta hadi kwenye mtungi, bila kunitazama usoni. Wa kwako anaonyesha vitu kwa kidole? Hilo litazame sana, pengine kuliko kuchelewa kuongea.

Kampime masikio kwanza, maana asiyesikia vizuri naye haitiki. Kisha omba rufaa kwa daktari wa watoto na mtaalamu wa tiba ya usemi. Mimi niliambiwa "wavulana huchelewa", nikapoteza mwaka mzima, bado unaniuma. Usingoje.

Nyumbani kaa naye chini, cheza anachocheza yeye, taja neno moja moja, kisha nyamaza umpe nafasi. Anayekuuzia dawa ya kuponya usonji mfukuze, haipo. Wangu alisema "maji" akiwa na miaka mitano, kikombe mkononi.