Walilinganisha au walifananisha?

Kuna dogo wa Mwanga, hapahapa Kigoma, anasoma biolojia, kauliza hivi: kwenye ripoti kaandika "wanasayansi walifananisha spishi za sisimizi wakata majani kwa kutumia alama za jeni", mwalimu kapiga mstari mwekundu akaweka "walilinganisha". Anasema si ni kitu kilekile tu?

Sio kilekile, dogo. Kulinganisha ni kuweka vitu pamoja uone wapi vinafanana na wapi vinaachana, ndo unavyofanya na bei ya migebuka ya Kibirizi na ya sokoni Mwanga kabla hujatoa hela. Kufananisha ni kusema hiki ni kama kile, na mtaani ndo kabisa, ni kukosea mtu, jamaa anakushika bega stendi "we Juma!" ukigeuka anaona aibu, "samahani kaka, nimekufananisha". Sasa rudia sentensi yako uone ulivyowasingizia wataalamu wa watu, umesema waliwachanganya sisimizi!

Na kwa hao sisimizi kuchanganya ni rahisi kweli. Hawapo kwetu, wako Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani mpaka Argentina, jenasi zao kuu (yaani makundi ya spishi za karibu) ni Atta na Acromyrmex. Kiota kimoja cha Atta unakuta vibarua vidogo vinavyotunza ile fangasi wanayoiotesha juu ya majani, pembeni kuna askari wana vichwa vikubwa hivyo, utaapa ni spishi mbili kumbe watoto wa malkia mmoja. Halafu zipo spishi tofauti kweli ila kwa macho huambulii kitu. Kwahiyo wanachukua DNA, wanasoma kipande cha jeni, mfano jeni ya COI ya kwenye mitokondria (vile vijisehemu vya seli vinavyotoa nishati), wanazipanga zile herufi A, T, C, G zinazoandika DNA, za huyu chini ya za yule wanaangalia zinaachana wapi na kwa kiasi gani. Hapo ndo wanalinganisha, wakimaliza wanaweza kutofautisha.

Kingine, kichwa cha ripoti umeandika "mchwa wakata majani", futa. Mchwa ukoo wake ni mende, sio sisimizi, japo na huku wapo wanaolima fangasi, ule uyoga wa kwenye vichuguu tunaoufanyia mboga mvua zikianza ni shamba lao. Ngeli isikuumize kichwa: sisimizi wanakata, spishi inakata.