Bomba refu pekee halitoshi
Ndugu yangu, umeuliza kwa nini majitaka ya Mji Mkongwe yasisukumwe tu mbali zaidi baharini kwa bomba refu. Bomba huuhamisha uchafu, haliuondoi, na maji yakijaa huweza kuurudisha pwani. Mtambo wa kusafisha hutuamisha kwanza tope zito chini ya tangi, kisha maji yaliyobaki hupulizwa hewa ili bakteria wapate oksijeni ya kuula uchafu ulioyeyuka, kazi ambayo wangeifanya baharini kwa kuwapunguzia samaki pumzi. Bakteria hao nao wakishatuamishwa, ukiyachota maji kwa gilasi utayaona maangavu, lakini (na hili husahaulika sana) naitrojeni na fosforasi zilizomo, ambazo ni mbolea kwa mwani, zisipopunguzwa pia, mwani mwembamba hustawi juu ya matumbawe na kuyaziba mwanga.